Siku bahari ilipotukuta juu ya mkoko, mimi na mdogo wangu, kwa sababu mama alisema "usitoke hapo"

Wakuu, amani ya Bwana iwe kwenu nyote mnaopita humu.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za wenzangu, leo naweka wangu. Sitaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Niko Kibeta, hapa Bukoba. Mama wa watoto wanne, hamsini na tano nimeshaivuka. Sekondari naisoma sasa ukubwani, madarasa ya jioni, kwa hiyo Kiswahili kikichechemea mnivumilie.

Juzi mwalimu wa baiolojia alichora mti ubaoni, mizizi imesimama nje kama miguu ya buibui. Akasema, "Huu ni mkoko. Unaota kwenye maji ya chumvi. Ninyi watu wa ziwa hamjauona."

Wenzangu wakainama kunakili. Mimi nikaweka kalamu chini.

Wakuu, huo mti nimewahi kuukalia. Mtoto mgongoni, bahari chini yangu.

Ilikuwa enzi za ujamaa, niko darasa la pili. Baba alikuwa mganga wa zahanati. Wakati ule serikali ilikuwa inachanganya watu makusudi ili tuwe taifa moja: Mmakonde analetwa Muleba, Mhaya anapelekwa pwani. Baba akapangiwa kisiwa kimoja huko kusini, sitakitaja.

Basi tukatoka Muleba, tukaacha kibanja na migomba yetu. Baba, mama, mimi, na mdogo wangu Koku ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama.

Tulifika kisiwani jua linaelekea kuzama. Maji yamejaa mpaka karibu na nyumba za watu, yametulia, yana rangi ambayo mpaka leo sijaiona kwenye kitenge chochote.

Asubuhi tulichelewa kuamka kwa uchovu wa safari; jua liko juu, mama akafungua mlango. Bahari hakuna!

Mchanga mtupu, madimbwi, mawe meusi, ndege weupe wanatembea mbali kule ambako jana boti ilielea. Mama akafanya ishara ya msalaba.

"Maawe! Ziwa lao limekwenda wapi?"

Baba akacheka, "Litarudi tu," akaenda zake kazini.

Hakumweleza zaidi, na majirani nao hawakumweleza. Kwao lilikuwa jambo la kawaida kama usiku kuingia, nani atakaa chini akueleze kwamba usiku unakuja?

Mama akajiwekea akili yake ya Kihaya. Maji yanatoka asubuhi, yanarudi jioni, kama ng'ombe. Tulipofika jioni si tuliyakuta zizini?

Mjue kwetu ukisahau sabuni juu ya jiwe ziwani asubuhi, jioni unaikuta juu ya jiwe lile lile. Ziwa halina safari.

Ngoja niepue ndizi, narudi.

Nimerudi.

Hatujamaliza hata kufungua mizigo, balozi wa nyumba kumi akapita. Kijiji kinajenga darasa, kila nyumba itoe mtu mmoja. Mawe ya kujengea na ya kuchoma chokaa yanatolewa baharini, maji yakipwa, yaani yakirudi nyuma. Baba ana wagonjwa, kwa hiyo akaenda mama.

(Hayo mawe ni matumbawe. Leo nafundishwa kwamba ni viumbe hai, na samaki wanazaliana humo. Wakati ule hatukujua, tulijua tunajenga taifa.)

Jirani yetu Bi Mwanaidi, mama mmoja mcheshi, akaja kumpitia.

"Mama Bukoba, hiyo shingo nzuri. Huko kwenu inabeba nini?"

"Ndizi."

"Basi leo inabeba jiwe. Hili halimenywi!"

Wanawake wa kule watoto wao wanawaacha nyumbani kwa bibi zao. Sisi bibi yetu alikuwa mbali, kijijini Izimbya, huku kwetu Bukoba. Mama akafanya kama tunavyofanya ziwani siku ya kufua: unawatafutia watoto kivuli, unawaacha hapo, unaendelea na kazi. Sisi tulikuwa tunatembea nyuma, na Bi Mwanaidi na wenzake walishatangulia, hakuna aliyeona tumebaki wapi.

Kivuli kizuri kilikuwa mikokoni, kwenye mchanga mkavu katikati ya mizizi. Akatandika kanga, akanipa Koku.

"Usitoke hapo. Hata ukiitwa na nani, usitoke mpaka nije."

Wanaomjua mama wanajua. Neno lake lilikuwa halirudiwi.

Wakuu, kule ndani ya mikoko ni dunia nyingine. Mwanga unaingia kijani. Kuna kaa wadogo, kila mmoja ana mkono mmoja mkubwa mwekundu, anaunyanyua anaushusha kama anakuita. Kuna visamaki vinatembea matopeni kwa mapezi, vinakuangalia kwa macho yaliyotoka. Koku akawa anacheka mwenyewe. Mimi nilidhani ndiyo paradiso aliyokuwa anatusimulia katekista, sema tu ina harufu ya matope.

Halafu nikaona konokono. Wengi. Walianza kupanda miti, wote kwa pamoja, polepole, bila mtu kuwafukuza. Nikamwonyesha Koku, "Angalia, wanakwenda misa."

Maji yakaja baada ya hapo.

Hayakuja na wimbi. Hayakupiga kelele. Kanga ililowa tu pembeni, nikadhani Koku amekojoa. Nikaivuta. Ikalowa na upande wa pili. Nikainua kichwa, na kule tulikopitia hakuna njia tena, ni maji yanang'aa kote, yametulia kabisa.

Nikamfunga Koku mgongoni na kanga ileile. Nikasimama. Maji kwenye vifundo. Maji kwenye magoti.

Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu. Niliambiwa nisitoke. Kupanda mti ni kutoka au si kutoka? Nililia kwa ajili ya swali hilo kuliko kwa ajili ya maji. Nikasali Salamu Maria, nikaanza tena, nikaanza tena.

Maji yalipofika kiunoni, miguu ya Koku ikalowa, akapiga ukelele. Hapo nikaacha kujiuliza. Nikashika mzizi, nikapanda.

Konokono walikuwa wamesimama sehemu moja, wamejipanga, hawaendi juu wala chini. Sijui nani alinituma, mimi nasema ni Mungu, nikajisemea hawa ni wenyeji. Nikawapita, nikakaa kwenye tawi juu yao.

Tukakaa. Maji yakapanda. Samaki wakaingia kati ya mizizi. Taa mmoja, yule samaki bapa kama sinia, akapita palepale tulipokuwa tumekaa, anapeperusha mbawa zake kama kitambaa cha altare upepo ukiingia kanisani. Alikuwa mzuri. Najua ni ajabu kusema hivyo. Nilikuwa naogopa na naangalia.

Huku nyuma mama alishafika kwenye tanuri la chokaa na jiwe lake, amepumzika na wenzake. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye.

Bi Mwanaidi akamuuliza, "Watoto umewaacha na nani?"

"Wako kivulini, kwenye mikoko."

"Yallah! Mikoko ipi? Maji yanajaa!"

"Yatajaaje, na jioni bado?"

Bi Mwanaidi alishaanza kukimbia.

Nilisikia sauti ya mama kabla sijamwona. "Mwana wange! Mwana wange!" Hajui kuogelea, kama wanawake wengi wa kwetu. Anakuja maji kifuani, Bi Mwanaidi kamshika mkono, kitambaa cha kichwani kimeshapotea.

Nikapiga kelele, "Mama, niko hapa! Sijatoka!"

Akasimama. Akatuona kule juu. Nilitegemea anipige kwa kupanda, na ndiyo maana nikarudia, "Sijatoka, mama, ni mti uleule!"

Wakuu, mama yangu sijawahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo, hata kwenye msiba. Alilia amekumbatia huo mti na miguu yangu pamoja.

Bi Mwanaidi akamfungua Koku mgongoni kwangu, akasema, "Mama Bukoba, mtoto wako ana utii wa kumuua."

Mama akanishusha, akanibeba begani mpaka nchi kavu.

Likizo tulipokuja Izimbya tukamsimulia bibi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Waitu, maji yanaondoka kwenda wapi? Yana shamba?" Mama hakucheka.

Koku sasa hivi ana wajukuu, anabishana na mimi kwamba anakumbuka. Hakumbuki chochote.

Nilichojifunza: utii ni kitu kitakatifu, nami wanangu nimewalea hivyo na sitabadilika. Lakini mtoto ukimpa amri mpe na sababu yake, maana wewe hutakuwepo maji yakija. Na mimi kila nikimwacha mtoto mahali namwambia, "Nisubiri hapa. Ila ninachotaka si nikukute hapa, nataka nikukute mzima."

Wazazi wenzangu, nanyi mlioishi visiwani, semeni chochote. Na kama kuna anayejua wale konokono wanajuaje kabla maji hayajafika, anifundishe. Nilimuuliza mwalimu wetu, akasema ataulizia.