Eponji Nyeusi ya Masista

Siku yangu ya kwanza ku kazi niliosha kitu vizuri, vizuri kabisa, na ile usafi wangu ikaua samaki. Ninyi vijana munaona Maman Pompi anapita ku Ibanda, hapa Bukavu, walinzi wa mavila, zile nyumba kubwa za matajiri, wanamufungulia mulango mbele hajabisha, munafikiri alizaliwa na turnevisi, ile ya kufungulia skurubu, mu mukono. Hapana! Nilizaliwa mu nyumba ya wafuaji. Mama yangu alifulia watu nguo, nami nikafulia watu nguo, na mutu akivaa shati yenye nimefua mimi, ulikuwa unamuona toka mbali.

Atelier, ile karakana yetu, ilikuwa chini ya soko ya Nyawera, chumba moja ya mbao. Chef d'atelier, mukubwa wa kazi, alikuwa muzee mufupi, mupole, koti yake ya bleu haimutoki mwilini. Alikuwa anatengeneza vyombo vya basini na vya akwariomu: basini ni ile ziwa ndogo watu wanachimba mu bustani, akwariomu ni sanduku ya vioo yenye samaki mu salon ya nyumba. Alinichukua juu ya vile mikono yangu haikuogopa maji. Mafundi wa jirani wakacheka. "Chef, sasa unaleta mwanamuke ku pompi?" Akawajibu, "Pompi haiulizake mukono ni ya nani."

Ile siku ya kwanza akanipeleka ku presqu'île, ile ncha ya muji yenye inaingia mu ziwa, ku hoteli moja yenye ilikuwa na akwariomu kubwa ku mapokezi. Akanionyesha filtre. Filtre ni kisanduku: pompi inavuta maji chafu, inaipitisha mu eponji, ile kitu laini kama godoro, kiisha maji inarudi safi kwa samaki. "Maman," akaniambia, "kamua eponji mara mbili tu, mu maji ya akwariomu yenyewe. Kiisha uirudishe." Akatoka kuangalia basini ya bustani.

Nikaiangalia ile eponji. Weee! Nyeusi, inateleza, inanuka matope. Nilisikia haya. Mimi, mutoto wa mama yangu, nirudishie watu kitu ya vile? Nikakimbia ku buanderie ya hoteli, kule wanafulia mashuka, nikachukua sabuni na brosi, nikafungua robinet, maji ya bomba ikatoka. Nikasugua mupaka ikawa manjano, mupya kabisa. Nikairudisha, nikafunga, na mangaribi nikamuelezea mama yangu namna kazi yangu ya kwanza ilipendeza. Naye akafurahi sana.

Siku ya tatu wakatuita. Maji ilikuwa nyeupe kama maji ya kuoshea muchele, na samaki zote zilikuwa juu, zinafungua midomo, zinatafuta hewa. Zingine zilikuwa zimekwisha kugeuza tumbo. Chef akaingiza mukono, akatoa eponji, akainusa.

"Uliosha na sabuni?"

"Ndiyo, Chef."

"Na maji ya robinet?"

"Ndiyo, Chef." Nilikuwa nalia. Nilijua kazi imekwisha, na sikujua nitamuambia mama nini.

Hakupandisha sauti. Akageuza ndoo, akaikalia. "Ile weusi ulitoa ndiyo ilikuwa wafanyakazi wangu," akasema. "Iko na mikrobe ndogo ndogo ndani, inakula mikojo ya samaki. Pompi inasukuma tu. Ile weusi ndiyo inasafisha. Wewe umefukuza wafanyakazi wote siku moja. Ulikuwa na roho nzuri, lakini hukuuliza. Panguza macho, twende."

Tukapanda moto moja, ile pikipiki, mimi, yeye na dereva, mupaka kwa masista. Walikuwa na basini ya zamani nyuma ya kanisa, filtre yake haijaoshwa na sabuni hata siku moja. Chef akatoa kisu, akakata nusu ya eponji yao nyeusi, akaitia mu chungu pamoja na maji yao. Akanipa niibebe ku magoti. Nikataka kutia kifuniko. "Usifunge," akasema. "Inapumua."

Tukaiweka ku hoteli, tukapunguza maji, tukaongeza ingine yenye ililala siku moja mu pipa ili klore, ile dawa ya kuua mikrobe yenye inakuwa mu maji ya robinet, itoke. Siku zikapita, ile weupe ya maji ikaanza kupotea. Samaki zenye zilibaki zikarudi chini. Ndipo Chef akaniambia, "Kuanzia leo, kazi ya mbegu ni yako." Vile ndivyo tulikuwa tunaita ile nusu ya eponji nyeusi: mbegu. Basini mupya haikuanza hata moja bila nusu ya eponji chafu ya basini ya zamani. Mulio wa pompi mupya unadanganya watu. Wanaona maji inatembea, wanatupa samaki siku hiyo hiyo, kiisha wanasema wamelogwa.

Nilifanya ile kazi miaka mingi, na niseme bila haya, niliifanya vizuri. Nilijifunza kuweka pompi ya hewa, ile inapuliza mapovu, juu kuliko maji. Hapa kwetu courant, ile umeme, inakatika bila kuaga, na pompi ikiwa chini, maji inarudi mu mupira mupaka inaua moteri. Kama hakuna nafasi ya juu, unatia clapet, kidude kidogo yenye inaachilia hewa ipite upande moja tu. Pete za kutia mu filtre, zile nyumba za mikrobe, zilipokosekana, nilileta na mashua mawe ya volkano ya Goma, ile nyepesi yenye matundu. Wageni walishangaa. Mikrobe inapenda ile mawe kuliko pete zao za ku katalogi! Na courant ikikatika muda murefu, unachota maji na kopo, unaimwanga toka juu, unachota tena, mupaka mukono unakufa ganzi. Ile pompi ya mukono haiharibikake.

Chef alipozeeka akaniachia kisu yake. Kiisha akafariki. Masista nao wakafukia basini yao, wakajenga darasa, na mavila mengi yakabadilisha wenyewe, basini zikatiwa simiti. Hoteli ilikuwa imeniajiri, na siku moja nikahesabu, nikashituka: ile eponji ya hoteli ndiyo imebaki peke yake. Ikikufa, mbegu ya Chef imekwisha mu Bukavu.

Wakati ule ndipo Directeur technique, mukubwa mupya wa mashini za hoteli, alifika. Kijana, diplome nyingi, viatu inangaa. Harusi kubwa ilikuwa inakuja ku hoteli. Akafungua filtre, akaziba pua.

"Maman, hii kitu inanuka. Mutie Javel ya kufulia, vyote vikuwe nyeupe."

"Hapana, Bwana Directeur. Javel itaua samaki."

"Kichwa yenu iko nguvu! Directeur ni mimi ao ni ninyi?"

"Ni ninyi. Lakini samaki haijui."

Mudomo wangu! Akakasirika. "Basi mwende nyumbani, mungoje barua ya kufukuzwa." Nilikuwa nimebakiza kidogo sana kufika retraite, kupumzika kazi kabisa. Nikaenda kuvua tablier, ile eproni ya kazi. Lakini mbele ya kutoka nilikata nusu ya ile eponji, nikaitia mu chungu na maji yake.

Nyumbani, Kadutu, niliiweka mu beseni, nikawasha pompi ya hewa. Courant ikakatika kesho yake. Nikakaa na kopo, nachota, namwanga, nachota, namwanga. Nikaitupia chakula ya samaki kidogo ili mikrobe isikufe njaa. Majirani wakapita, wakasema, "Maman Pompi amefukuzwa, sasa analisha matope." Waseme tu.

Siku ya ine, Directeur akafika kwetu kwa miguu, jeep ya hoteli ameiacha ku barabara kubwa, viatu vyake vyote udongo. "Maman," akasema, "samaki ziko juu. Zinafungua midomo."

Nisidanganye: nilisikia furaha, na haikuwa furaha nzuri. Nilitaka asimame pale kidogo. Kiisha nikaangalia uso wake, nikaujua. Ulikuwa uso wangu ya ile siku ya sabuni. Nikamupa kiti. "Ile weusi mulitoa ndiyo ilikuwa wafanyakazi wenu," nikaanza, nikamuelezea yote, polepole, bila kupandisha sauti. Mu jeep nikamupa chungu aibebe ku magoti. Akashika kifuniko. "Musifunge," nikamuambia. "Inapumua."

Samaki zingine zilikufa, nyingi zikapona, harusi ikafanyika, na ile barua sikuiona hata leo.

Siku ya retraite walinipa kitenge na hotuba. Mimi niliomba nusu ya eponji. Nikachimba basini ndogo nyuma ya nyumba, samaki ine, pompi moja, mawe ya Goma. Kila asubuhi nilikuwa nakaa pale na chai yangu, nasikia maji, nasikia raha.

Sasa mwaka huu mutoto wangu alioa. Bibi yake, Neema, ni binti mwenye kupenda kazi, hajui kukaa bure. Siku moja nimetoka misa, nikakuta eponji yangu ku kamba, kati ya mashati, manjano, mupya kabisa, inadondosha maji.

"Maman, niliitakatisha!" Neema akasema, anacheka kwa furaha. "Ilikuwa nyeusi! Nikasema wageni wasije wakatucheka."

Nikakaa chini. Nilicheka mupaka machozi ikatoka, na machozi ingine haikuwa ya kucheka. Neema akaogopa. "Panguza macho," nikamuambia, kumbe ni mimi nilikuwa nalia. "Chukua chungu, twende."

Ku hoteli, Directeur mwenyewe akashuka. Ameota mvi sasa. Hakuuliza mengi. Nikamupa kisu ya Chef, akakunja mikono ya shati, akakata nusu, akaitia mu chungu na maji yake, akamupa Neema. "Ni ya mama yenu," akamuambia.

Neema akatafuta kifuniko. Nikafungua kinywa, lakini Directeur alinitangulia.

"Usifunge," akasema. "Inapumua."