Mawimbi Mawili Hewani

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka kidole gumba changu kinajikaza chenyewe. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kushika redio ya upepo kwenye hospitali moja huku Muleba, enzi ambazo simu za mkononi hazijatufikia. Dada yangu Koku alikuwa ameolewa kwenye kisiwa kimoja cha ziwani, mimba yake imetimia.

Mchana ule nesi wa zahanati ya kisiwani akaita. "Wasibota, waitu." Unatujua sisi Wahaya, hata nyumba ikiungua, salamu kwanza. Redio ile ukibonyeza kitufe unasema, ukiachia unasikia. Nikabonyeza nimwitikie salamu yake, kumbe ameshaingia kwenye habari yenyewe. Nilipoachia nikadaka vipande tu: Koku, damu, boti.

Subira yavuta heri, lakini nani ana subira damu ya nduguye ikimwagika? Nikabonyeza tena. "Tunaleta boti. Tunaleta boti." Naye alikuwa anasema wakati huohuo. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na nahodha wa boti ya hospitali, aliyekuwa nje, akaanza kujaza mafuta. Nilimkasirikia yule nesi, nikaona ni mkaidi.

Ta Kaijage, mzee fundi wa redio, alikuwa chumba cha pili akitusikiliza kwenye redio nyingine. Akaja, akanishika mkono.

"Achia."

"Ta, ni dada yangu."

"Ndiyo maana nakwambia uachie. Kule kwangu simsikii yeye wala wewe, nasikia mluzi. Mawimbi yenu yanapita njia moja. Yakikutana yanachanganyika, hapa yanaongezana, pale yanafutana, na kinachobaki si neno la mtu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nyamaza wewe, uliye salama."

Tukanyamaza. Mwanangu, redio ilikuwa kimya hata nikaamini dada ameshakufa. Kisha sauti ya nesi ikaja, imechoka. "Muleba, msilete boti. Nasema tena, msilete. Koku yuko majini tayari, kwenye boti ya huku, anakuja kwenu. Leteni gari mwaloni, boti zinapofikia."

Gari likaondoka mbio. Dada alipona. Mtoto hakupona. Daktari alisema pengine asingepona hata kama tungewahi. Pengine. Neno hilo nimekaa nalo hadi uzeeni.

Kwa hiyo nakuusia. Mtu akikuita kwa hofu, usimwahi kwa jibu, hata kama moyo wako unachemka na una hakika unajua anachotaka. Mpe nafasi amalize. Salamu ni heshima yetu, wala usiiache, lakini kumsikiliza aliye taabuni ni heshima iliyo kubwa zaidi. Mungu akujalie sikio jepesi na ulimi mzito, na siku nawe utakapoita ukiwa taabuni, upande wa pili awepo mtu aliyenyamaza.