Nguo ya Anko Iliyofuliwa

Mshumaa ukiyeyuka kwa sufuria, na kando yake majani chai inachemka mpaka inakuwa nyeusi: hiyo ndiyo harufu ya jikoni kwa Senge, dada ya baba yangu, huko juu ya Kapsoit. Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa mvua ya kila mchana. Senge alikuwa anachora na nta na hakuna mtu alimfundisha. Anapaka nta ya moto kwa kitambaa cheupe, anakitia kwa chai nzito, na pale nta imekaa rangi haiingii. Mwishoni anatoa nta kwa pasi ya makaa. Lakini hakuishia hapo. Alishonea juu vipande vya gunia, akapaka ile masizi ya kutayarisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mpaka ukipitisha mkono unasikia milima. Watu walicheka. Mimi nilipigana na watoto wa jirani juu ya hicho kicheko, na hata leo ningepigana.

Halafu Anko, mume wake, akafa. Alikuwa anakausha majani kiwandani. Senge hakulia mbele ya watu. Alianza nguo ya kufunika jeneza: akachora mistari ya chai na nta, akashonea vifungo vya ovaroli ya Anko na ule mfuko wa kifuani alikuwa anaweka peni. Ilibaki rangi moja tu, ya mwisho, na nta ilikuwa bado juu yake. Akaianika nyuma ya nyumba, akaenda na wazee kuchukua mwili mochari.

Kwetu mtu akifiwa, akina mama wa kanisa wanakuja kumwoshea kila kitu, sufuria, blanketi, mpaka pazia. Mimi nilikuwa nimeenda mtoni. Kurudi, napata nguo ya Anko inachemka na sabuni, na mama mmoja anabandua mfuko.

“Mnafanya nini? Hiyo ni ya jeneza!”

“Ilikuwa imeganda mafuta, mtoto. Tukasema wageni wasione shangazi yako ni mchafu.”

“Mchafu ni wewe!”

“Wooi! Huyu ana mdomo kama king'ora ya kiwanda.”

Senge aliingia nikiwa bado napiga kelele. Akaangalia ile sufuria.

“Chepkorir, nyamaza. Wamekuja kunisaidia.” Akawageukia. “Asanteni, mama. Mmechoka. Kunyweni chai.”

Sikumwelewa. Nilitaka awafukuze wote.

Tulifunika Anko nayo hivyo hivyo, imepauka, ina matundu ya sindano mahali vifungo vilikuwa. Mvua ikainyeshea. Senge hakushika nta tena mpaka tukamzika yeye pia.

Siku hizi kazi hiyo ni yangu. Nina rangi za duka, nina meza kubwa, na watu wanasimama mbele ya vitambaa vyangu wakisema ni mtindo mpya kabisa. Mpya wapi? Wanauliza kwa nini kila kimoja nimeacha pahali peupe, pametobolewa sindano na hapajashonewa kitu. Nawaambia hapo ni mfuko wa Anko. Nimejaribu kuushona. Mkono unakataa.