Picha ya Mzee Lượng

Khuê nilisoma naye chuo cha sanaa hapa mjini Huế, na ubishi alizaliwa nao. Kamera yake ilikuwa ya Kirusi, ile ya wanafunzi wasio na kitu: haina betri, mwanga uweke mwenyewe, umbali upime mwenyewe. Ukikosea, umekosea wewe.

Baba yake, Mzee Lượng, mshona kofia za majani, alikuwa anakwisha kwa ugonjwa wa ini, na picha ya kuwekwa kwenye madhabahu ya wahenga hakuwa nayo. Studio aliikataa katakata.

"Wale wanakuchorea koti na tai pichani," alisema. "Wajukuu zangu wamfukizie udi karani gani huyo? Atanipiga picha mwanangu."

Basi akavaa kanzu nyeusi na kilemba, akaketi uani, kanyooka ingawa maumivu yalimtoa jasho. Mimi nikashika shuka nyuma yake.

"Cheka kidogo, baba," Khuê akasema.

"Nicheke nini, mimi bwana harusi?" Lakini akacheka, tena vizuri.

Khuê akamaliza mkanda mzima. Nikamnong'oneza, "Kaka, tazama kile kifundo cha kurudishia mkanda. Mbona hakizunguki ukivuta picha nyingine?"

"Dada Diệp, unanifundisha kamera yangu? Namba za picha si zinapanda?"

Namba hupanda hata kamera ikiwa tupu, jamani! Hilo tulifundishwa siku ya kwanza.

Mzee akafariki kabla hatujausafisha mkanda. Tuliingia chumba cha giza huku nyumbani kwao watu wameshajaa msibani. Mkanda ukatoka mtupu, unapitisha mwanga mwanzo hadi mwisho. Ncha yake haikunasa ndani ya kamera, wala mkanda haukusogea hata kidogo.

"Labda dawa ya kusafishia imeharibika?" Khuê akauliza.

"Dawa nzima, kaka."

Akaketi kwenye sakafu yenye maji. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, nikalia tu.

Kwao fremu tupu ilishasimamishwa, udi unawaka. Mama yake, Bi Thoa, akaupokea mkanda, akauinua dirishani.

"Macho yangu haya hayaoni kitu. Yuko wapi pale alipocheka?"

Khuê akanitazama. Kisha akaweka kidole katikati ya ule utupu.

"Hapa, mama."

Bi Thoa akapasogeza karibu na jicho, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kaikuze picha hiyo upesi, mwanangu. Watu wanasubiri kumuaga."