Mtani Alinionya Kuhusu Kadi ya Picha, Nikamcheka

Kosa ni langu. Natanguliza hilo ili msije mkaanza kunitafutia visingizio, maana sivitaki. Na wale wa "pole ndugu, ni shetani tu" wakae kimya. Shetani hana studio mtaani kwetu Makole. Mwenye studio ni mimi!

Nahariri video za harusi na sendofu, zile sherehe za kumuaga bibi harusi kwao. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, na ilikuwa haijawahi kuniangusha. Shida ilikuwa jicho langu. Kuna jamaa kafungua studio mtaa wa Area D, ana programu mpya za kuhariri, na programu hizo hazikubali mfumo endeshi wa zamani kama wangu. Roho iliniuma. Nilimchukia yule mtu bila yeye kunikosea lolote.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya mzee mmoja wa Kibakwe. Mkewe, kabla hajafariki, alikaa uani akarekodi maneno kwa binti yao wa pekee, yaje yasikilizwe siku ya sendofu yake. Mzee aliitega simu, akabonyeza, akaambiwa asogee mbali, kwamba hayo ni ya mama na mwanawe. Hata yeye hakuyasikia. Aliniletea memori kadi ya simu hiyo nipunguze kelele za upepo. Nilipomaliza nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Mzee, memori kadi ifute tu, utumie kwa mambo mengine. Kila kitu kipo kwenye mashine." Naye akaifuta.

Nikamwita fundi aniwekee mfumo mpya. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mgogo, watani wa jadi. Hatujawahi kuongea dakika mbili bila kutukanana. Akafungua kompyuta, akachungulia kile kipande cha ndani kinachotuma picha kwenye kioo, akaangua kicheko.

"Mtumwa wangu, hii kadi ya picha ni ya enzi za babu yako! Mfumo mpya hauitambui. Ukiuweka, kioo kitakuwa cheusi kama chungu chenu cha mlenda. Iache!"

"Toka hapa, mla maembe wewe! Sema unaogopa kazi."

Tukacheka, akaondoka. Mjinga mimi! Mtani akikwambia utakufa kesho, unacheka, ndivyo tulivyolelewa. Maneno yake yote nikayahesabu utani.

Kesho yake saa nne asubuhi nikauweka mwenyewe. Kompyuta nayo ikaniandikia waziwazi kwamba kadi ya picha haiendani na mfumo huu, kioo huenda kisifanye kazi. Chini yake pameandikwa "endelea". Nikabonyeza. Ikazima, ikawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii.

Hapo nilikuwa bado sijapoteza kitu, ila sikujua. Namba ya fundi ninayo. Nikafikiria atakavyocheka, atakavyowasimulia Makole nzima kwamba Mgogo kashindwa na kompyuta. Sikupiga! Nikachukua flashi yenye mfumo wa zamani, nikaanza kuuweka upya kwa hasira. Kwa mfumo huo kioo kilionyesha, ila maandishi yalikuja makubwa, nusu yake yako nje ya kioo. Likatokea swali kuhusu diski, sikulisoma hadi mwisho. Nikabonyeza ndiyo. Ndiyo tena.

Ikawaka vizuri kabisa. Ndani hamna kitu.

Hapo ndipo nikampigia fundi, naye alipokuja alihangaika nayo siku mbili kutafuta mafaili. Hakutoa utani hata mmoja, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mafaili yalikuwa mazima," akasema. "Kilichogoma ni kioo tu. Ningechomoa diski nikaichomeka kwenye mashine nyingine, basi. Kwa nini hukunipigia kwanza, mtani?"

Nikamfukuza. Ndiyo, nilimfukuza mtu aliyekuja kunisaidia!

Wiki ya sendofu mzee akaja na binti yake. Nikawakaribisha ndani. Nikawaambia kwamba maneno ya mama yamefutika. Mzee akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akawa anaikunja na kuikunjua. Binti ndiye aliyenikabili.

"Wewe uliisikiliza?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote. Dakika kumi na moja."

"Basi niambie. Mama alisema nini?"

Nikafungua mdomo. Jamani! Siku mbili nzima nilikuwa na sauti ya yule mama masikioni. Najua upepo ulivuma wapi. Najua jogoo aliwika wapi, na mama alikohoa wapi, maana kikohozi nilikikata. Aliongea Kigogo, lugha aliyonilea nayo mama yangu mwenyewe! Lakini mimi nilikuwa nasikiliza kelele, maneno sikuyasikiliza. Nilikumbuka mwanzo tu.

"Alikuita jina lako," nikasema.

"Halafu?"

Nikageukia kompyuta tupu. Mzee akavaa kofia yake, wakaondoka.

Sasa wewe mwenye kompyuta yako kuukuu na tamaa kama yangu, nisikilize. Ikikuandikia kwamba kadi haiendani, inakuambia wewe, si jirani yako. Mtani akikuonya huku anacheka, mshike mkono umuulize tena mpaka aache kucheka. Na ukishaharibu, piga simu uchekwe! Kuchekwa kunaisha. Kitu cha mtu usimwambie akifute kwake kwa sababu wewe unacho.

Yule binti ameshaolewa. Amenipigia mara mbili tangu hapo. Hasalimii. Anauliza tu kama nimekumbuka.