Tulipoingoja Skuta ya Kati

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na pikipiki, na bado nilikuwa nangoja skuta. Watu waliniona mlafi. Pikipiki ilikuwa ya kazi: nilikuwa mkaguzi wa majani chai, nikizunguka vituo vya wakulima wadogo kuanzia Kabianga hadi ng'ambo ya Sotik, kuangalia kama wamechuma majani machanga au wamejaza magunia kwa vijiti. Skuta niliitaka kwa ajili ya macho ya mama mkwe.

Aliishi peke yake ng'ambo ya Sotik, karibu na mpaka wa Kisii. Alikuwa na presha ya macho. Land Rover ya misheni ilimfikisha mara moja kwenye kliniki ya Kericho, na daktari akasema waziwazi: arudi kila baada ya wiki mbili apimwe na kupewa dawa ya matone, la sivyo atakuwa kipofu kabla mwaka haujaisha. Mwezi uliofuata Land Rover ikahamishiwa misheni nyingine. Nyonga yake ilikuwa mbovu, hangeweza kutembea hadi barabara ya basi. Lori la majani nalo lilipita jioni, kliniki ikiwa imefungwa.

Mtu asiye wa kwetu atauliza kwa nini sikumpakia kwenye pikipiki. Sisi tuliotoka milima ya Kisii hatumgusi mama mkwe. Hatumtazami usoni, hatuli naye, na yeye halali nyumbani kwa mkwewe hata mvua ya mawe inyeshe. Kumkalisha nyuma yangu, ameshika kiunoni mwangu, mbele ya majirani wote, ni jambo ambalo sikuthubutu hata kulitamka. Nilikuwa nimebatizwa, nilivaa saa na soksi, lakini hapo nilikuwa mtu wa kwetu kabisa.

Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepata wazo. Baiskeli aliijua tangu chuoni. Pikipiki yangu ilikuwa ndefu, miguu yake haikufika chini, na kuipanda akiwa na gauni kungekuwa kioja cha kuzungumzwa kanisani. Skuta ina nafasi ya miguu mbele. Mwanamke huketi kama kwenye kiti cha nyumbani.

"Mama nitambeba mwenyewe," akasema. "Wewe utafuata nyuma kama askari."

Duka la Kericho lilikuwa na skuta za aina mbili. Ile ndogo ilishindwa kupanda mlima na watu wawili. Ile kubwa mke wangu alijaribu kuisukuma, ikamwangukia. Mwenye duka, Mhindi mpole wa kalamu mbili mfukoni, akatutandazia tangazo lenye picha: skuta mpya, si ndogo si kubwa, rangi ya maziwa.

"Hii ya kati, bwana karani. Meli iko Mombasa. Wiki kesho utaona hapa hapa."

Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Kila Jumamosi nilipita dukani. Meli ilikuwa Mombasa. Kisha skuta zilikuwa Nairobi. Kisha watu wa Nairobi walikuwa wamezichukua zote, na meli nyingine ilikuwa baharini. Nilisafiri hadi Kisumu. Huko nako walinionyesha tangazo lile lile, ila lao lilikuwa na doa la chai. Ikafika mahali mwenye duka wa Kericho akiniona mlangoni tu ananiagizia kikombe kabla sijauliza neno.

Kwa mama mkwe nilipita kila mwezi, kazi ikinipeleka upande ule. Niliegesha pikipiki langoni, nikaketi kwenye kigoda uani, naye akazungumza nami akiwa ndani. Tuliulizana hali ya ng'ombe na mvua. Macho hatukuyataja. Siku moja niligeuka nikamwona amesimama kando ya pikipiki yangu, kamba mkononi, ameinama. Niligeuza uso upesi, kama adabu inavyotaka. Nilidhani anakwenda kumfunga ndama.

Alikuwa fundi wa vikapu vya kuchumia chai, na wachumaji wa pande zile walimtegemea. Baada ya siku chache mke wangu alirudi kutoka kwake akicheka.

"Mama amezeeka kweli. Amesuka kikapu chembamba kama ubao, kina kamba mbili. Hata majani ya birika moja hayaingii. Nikamuuliza ni cha nini, akasema kina kazi yake, halafu akauliza wewe unasemaje."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia unasema skuta iko njiani."

Nilicheka pia. Nalikumbuka vizuri lile cheko.

Mvua ndefu zikaja zikaisha. Mama mkwe akaanza kumwaga chai nje ya kikombe. Siku moja alimkaribisha mke wangu kwa jina la jirani. Jumamosi iliyofuata nilimfokea mwenye duka mbele ya wateja, nikamwita mwongo. Yeye alinisogezea kikombe changu, nami nikaona haya.

Skuta ilifika mwezi wa tisa wa kungoja. Jumanne ya kwanza mke wangu alimpakia mamake, na mimi nikafuata kwa mbali na pikipiki yangu. Kwenye mashamba wachumaji walisimama kutazama. Mama mkwe alikaa wima, amejifunga kitambaa kipya kichwani, ameshika kiuno cha binti yake. Nilijivunia. Ndiyo, nilijivunia sana, hadi tulipofika mlango wa kliniki.

Daktari alisema jicho moja limekufa, na la pili linatambua mchana na usiku tu. Matone hayangerudisha kilichokwisha kwenda.

Tuliporudi, nilisimama langoni nikiwa nimewapa mgongo, nikimsikia mke wangu akimsaidia mamake kushuka. Mama mkwe alimtuma ndani akalete kile kikapu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya kuulizia mvua:

"Mpe mkwe wangu. Mwambie nilipima kiti cha pikipiki yake kwa kamba. Nilikisuka kikae kati yetu, nikishike chenyewe, nisimguse. Mama mkwe haombi kubebwa, binti yangu. Huulizwa. Nilikuwa nangoja aulize."

Mke wangu alinipa kikapu bila kunitazama. Kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, nilikisimamisha juu ya kiti cha pikipiki, nikapitisha zile kamba mbili chini na kuzifunga. Zilitosha barabara, na vishikio viwili vilikuwa upande wa nyuma, mahali ambapo mikono yake ingefika.