Ua Nililolitupa Kiziwani Nyangezi

Nilikuwa bibi harusi mpya kutoka Muhumba, mtaa wa matajiri mjini, tena mwenye kujidai. Sikumuuliza mtu. Nilitupa ua la zambarau lenye kuelea katika kiziwa cha samaki cha wamama wa Nyangezi, kijijini kwa mama mkwe, eti kipendeze.

Mvua zilizofuata, ua lilizaana, majani yake yakafunika maji yote. Asubuhi tilapia walipanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa.

Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya kijiji, tuliingia matopeni hadi kiunoni. Tulivuta majani kwa reki tukayabeba mbali, chini ya migomba, maana yakiachwa kando mvua inayarudisha majini.

Maman mmoja akafoka: "Nani alileta hii uchafu?"

Niliinamia reki yangu.

"Ni miye," mama mkwe akasema, bila kuniangalia. "Nilipenda maua yake. Munisamehe."

Walimsema mpaka saa sita. Yeye alivuta tu.

Majani yale hayamaliziki kwa siku moja. Kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza kuingia majini, na wamama wakanisifu kwa bidii yangu. Mama mkwe naye alinisifu pamoja nao.